Nungunungu Akizoea Kwako, Anza na Mbwa

Katika mitaa ya Nairobi inayopakana na misitu, mbwa hufunguliwa kama saa nne usiku na kurudishwa bandani alfajiri. Mchana wanalala, usiku wanaachiwa kiwanja kizima, na mwenye nyumba anapata usingizi akijua kwamba mtu akiruka ua kutakuwa na kelele. Utaratibu huu una dosari moja ambayo wauza mbwa hawakuambii: saa hizo hizo ndizo saa za kazi za nungunungu. Wakikutana kwenye kona ya giza, bili ni yako.

Sisi tunakaa mwisho wa Karen, upande wa Msitu wa Oloolua. Kila mtu mpya akihamia huku huja na maswali yale yale. Nungunungu hurusha miiba? Nimwite nani aje kumkamata? Niweke sumu gani? Na karibu kila mmoja huuliza habari za shamba kwanza, za mbwa baadaye. Kwa maoni yangu mpangilio huo ni kichwa chini miguu juu. Viazi vikiliwa utapanda vingine. Mbwa akichomwa kifuani usiku wa manane, una saa chache tu za kuhangaika.

Kwetu ilianza Agosti 2023, ule msimu wa baridi na ukavu ambapo nje ya ua hakuna kijani na ndani unamwagilia. Nyumba ni ya kupanga, kwenye nusu ekari, na ua wake ni kayaba ya zamani, nene, yenye miiba ambayo hakuna mwizi mwenye akili zake atakayejaribu kuipenya. Lakini kayaba ikizeeka huwa nene juu na tupu chini. Ukilala kifudifudi ukachungulia usawa wa ardhi, unaona mashina na mwanga wa upande wa pili. Nungunungu hahitaji zaidi ya hapo. Ni mnyama mzito, mkubwa kuliko wagugunaji wote wa Afrika, anayeweza kupita kilo 20, ila akilaza miiba yake anaingia mahali ambapo ungeapa hapenyi.

Viazi vitamu ndivyo vilivyotangulia, kisha nduma za kando ya mtaro, kisha maboga. Mwanzoni tulimsingizia fuko, na hapa nieleze tofauti yake kwa sababu watu hupoteza pesa kwa mitego ya fuko bure. Fuko hula kutoka chini: mmea unanyauka umesimama, ukiuvuta unatoka bila mizizi, na kando kuna vichuguu vya udongo mbichi. Nungunungu huchimba kutoka juu. Anaacha shimo la wazi, pana juu na jembamba chini, majani yametupwa kando, na kiazi kimeliwa nusu. Bua la mahindi hulikata chini likaanguka, akala gunzi moja na kuacha mengine. Kwenye mparachichi wetu alikuwa ameng'oa gome karibu na ardhi, na mbao ilibaki na michirizi mipana ya meno iliyokwenda sambamba. Gome likiliwa kuuzunguka mti mzima, mti huo umekwisha, utakauka tu taratibu. Mipira ya kumwagilia kwa matone nayo aliitafuna. Asubuhi tunafungua maji, yanaruka kama chemchemi pale pasipotakiwa.

Aliyetumalizia ubishi ni mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Wundanyi. Alizunguka shamba na kikombe chake cha chai, akainama, akaokota mwiba mmoja mweusi na mweupe chini ya kayaba. "Mwanangu, mgeni wenu huyu anakuja kwa njia moja kila siku. Usihangaike na shamba, tafuta mlango wake." Ikawa kweli. Tulifuata kijia chembamba kilichokanyagwa vizuri, kikatupeleka kwenye mtaro wa maji ya mvua unaopita chini ya ua, kisha kikapinda, hakikwenda shambani. Kilikwenda moja kwa moja hadi banda la mbwa.

Hilo hatukulielewa hadi askari wetu wa usiku aliposema kwamba mifupa ya mbwa hupotea. Mbwa wetu, Simba na Popi, hupewa mifupa ya buchari mwisho wa wiki, wanaitafuna, wanaiacha imetapakaa uani. Mdomoni mwa mtaro tulikuta rundo la mifupa hiyo, imekwanguliwa kwa meno pande zote. Nungunungu hali nyama, lakini hupenda sana mfupa. Anapata chokaa na madini mengine, tena meno yake hayakomi kukua, kwa hiyo anahitaji kitu kigumu cha kuyanoa. Huibeba hadi karibu na shimo lake. Kwa maneno mengine, tulikuwa tunamwandalia nungunungu chakula hatua chache kutoka wanapolala mbwa. Ukisoma hapa tu ukaacha, basi kaokote mifupa yako kabla giza halijaingia. Haina gharama.

Tulipanga kuziba ule mtaro Jumamosi. Tukio likatuwahi.

Ilikuwa yapata saa saba usiku. Kabla mbwa hawajabweka nilisikia sauti kama ya mtu anayetikisa kayamba, ikakoma, ikarudi. Baadaye nilijua ni mkia: ile miiba ya mkiani ni mitupu ndani na iko wazi nchani, na nungunungu huitikisa kuonya. Hupiga pia miguu chini na kukoroma. Asiyesikia maonyo hayo anageuziwa mgongo. Hapo nimjibu yule anayeuliza kama miiba hurushwa: hairushwi. Nungunungu hurudi kinyumenyume kwa kasi na kumgonga adui, na kwa kuwa miiba haijashika sana kwenye ngozi yake, inabaki kwa aliyegongwa. Ile mirefu ya mgongoni unayoiona kwenye mapambo huyumbayumba. Inayoumiza ni ile mifupi, minene, ya nyuma.

Popi alisimama mbali akibweka. Simba, ambaye ukubwa wake wote ni wa kifua, aliingia na mdomo wazi.

Alikuja mlangoni bila kulia. Uso ulikuwa umejaa miiba, mwingine umeingia kwenye ufizi, mingine kwenye miguu ya mbele, na mmoja mnene umesimama kifuani nyuma ya kwapa, ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Binti yetu aliamka akauona. Sitaieleza sehemu hiyo.

Askari alikuja mbio na koleo, kwa nia njema kabisa, na alishachomoa miwili ya mguuni kabla mume wangu hajamshika mkono. Wa pili ulikatikia ndani. Daktari alitueleza baadaye kwa nini jambo hili lisifanywe nyumbani. Mbwa mwenye maumivu makali humuuma hata aliyemlea, na anapojitupa miiba mingine inazama. Mwiba uliokatika chini ya ngozi ni vigumu kuupata tena. Na ule wa kifuani ndio wa hatari kuliko yote: huenda umefika kwenye uwazi wa mapafu, na ukiuchomoa unafungua tundu ambalo hewa itaingia na pafu kusinyaa. Huo hauguswi na mtu yeyote asiye na vifaa.

Kuna wanaosema uukate mwiba katikati ili upumue na kulegea. Si kweli. Ukiukata unajinyima mahali pa kushika, na unaweza kuupasua ukaacha vipande ndani. Usimpe Panadol wala ibuprofeni. Dawa hizo za maumivu zinazofaa kwetu ni sumu kwa mbwa. Usimpe chakula wala maziwa ya kumtuliza, kwa sababu atachomwa sindano ya usingizi na tumbo linatakiwa liwe tupu. Usimfunge kwa blanketi, maana blanketi linaisukuma miiba ndani. Anachohitaji ni mtu wa kumshika shingo na kumzuia asijikune usoni kwa miguu, na mwingine wa kumpiga picha kwa simu pande zote. Picha hizo zina kazi. Kliniki watalinganisha kilichokuwapo ulipoondoka na kilichopo mezani, wajue kama kuna uliokatika au kuzama njiani. Angalia pia ufizi wake. Ukiwa mweupe au wa buluu, na anahema kwa shida, usingoje hata dakika moja.

Tuliita teksi kwa simu. Dereva alifika, akawasha taa, akamwona abiria wetu, akaomba radhi kwa adabu na kuondoka. Sikumlaumu, viti vyake ni mtaji wake. Tuliokolewa na mzee jirani na pikapu yake, tukamlaza Simba nyuma juu ya mlango wa zamani wa banda, mimi na mume wangu tumekaa huku na huku. Kliniki ya kwanza tuliyoijua ilikuwa imefungwa, ingawa bango lake linasema saa 24. Ya pili ilipokea, na kabla ya kumgusa waliomba amana kwa M-Pesa. Fanya kazi hii mchana, ukiwa na akili zako: piga simu kliniki mbili tatu, uliza kama kuna daktari anayelala hapo hapo au anaitwa kutoka nyumbani, kama wana mashine ya eksirei inayofanya kazi usiku, na amana ni kiasi gani. Bandika majibu ukutani.

Walimlaza usingizi, na hapo nikaelewa kwa nini. Mwili ukilegea, mwiba unatoka ukivutwa taratibu kwa kufuata mwelekeo ulioingilia. Daktari alianza na ule wa kifuani, baada ya picha kuonyesha kwamba hakukuwa na hewa iliyovuja. Picha ya eksirei haiuonyeshi mwiba wenyewe vizuri, kwa sababu ni kitu cha jamii ya ukucha na nywele, si mfupa. Inachoonyesha ni madhara yake. Kwa hiyo kazi kubwa ilifanywa kwa vidole: alimpapasa Simba mwili mzima kwa kurudi nyuma dhidi ya manyoya, akafungua mdomo, akainua ulimi. Chini ya ulimi palikuwa na kipande kifupi ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekiona. Ilitoka zaidi ya thelathini. Bili ilikuwa shilingi 26,400: ada ya usiku, usingizi, picha, dawa za kuua bakteria na za maumivu, na ile kola ya plastiki ya kumzuia asijilambe.

Tulidhani yamekwisha. Wiki kadhaa baadaye Simba alianza kuchechemea na begani pakavimba, moto ukigusa. Ule mwiba uliokatika kwenye koleo ulikuwa umesafiri. Misuli inapofanya kazi husukuma kilicho ndani yake, na kila mwiba unaingia na uchafu wa udongoni, ndiyo maana usaha hutokea hata jeraha la nje likiwa limefunga. Wakampasua, wakatoa ncha yenye urefu wa kucha, shilingi 9,500. Kwa hiyo usikatize dawa mbwa anapochangamka, na kwa miezi miwili mitatu mpapase kila jioni, hasa shingo, mabega na mbavu. Uvimbe wowote mpya ni wa kurudi kliniki.

Sasa nizungumzie hasira, kwa sababu ndiyo inayofanya watu wavunje sheria. Baada ya usiku ule mume wangu alitaka nungunungu afe, nami sikumpinga. Mafundi wawili walijitolea kutega mitego ya waya kwenye ule mtaro, mmoja akiniambia wazi kwamba nyama ataichukua yeye. Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ina adhabu nzito kwa anayeua au kutega mnyamapori bila kibali. Kwamba mnyama ameingia uani kwako usiku hakumfanyi kuwa wako. Hata miiba unayookota, usiigeuze biashara ya mapambo. Kumiliki na kuuza nyara za wanyamapori bila kibali ni kosa pia. Tena mtego wa waya hauchagui. Paka wa jirani atapita pale pale, na mbwa wako vilevile.

Sumu ni mbaya zaidi. Mtaa wa pili kutoka kwetu kuna mtu aliyepaka dawa ya wadudu kwenye maboga akayaacha kando ya ua. Nungunungu hatukusikia kama alikufa. Waliokufa ni mbwa wawili wa majirani na kunguru. Anayekula mzoga uliokula sumu naye hufa, na huku kwetu kuna bundi, nguchiro na tai wanaozunguka kutoka upande wa mbuga. Niliona povu mdomoni mwa mmoja wa wale mbwa. Mtu akinishauri sumu siku hizi ninamsimulia hilo, tunabadilisha mazungumzo.

Nilikwenda KWS, shirika la serikali la wanyamapori, Barabara ya Lang'ata, nikitarajia fidia au gari lenye tundu la kumbebea. Ofisa niliyemkuta alinisikiliza vizuri na akanieleza mambo mawili ambayo ni afadhali uyajue kabla ya kulipa nauli. Kwanza, sheria inayo orodha ya wanyama ambao uharibifu wao wa mazao na mali hulipiwa fidia, wamo ndovu, nyati, kiboko, fisi na wengineo, na nungunungu hayumo. Pili, kumhamisha mmoja hakusaidii. Nungunungu huishi familia, dume na jike na watoto wao, kwenye mashimo ambayo mara nyingi yalichimbwa na muhanga. Shimo zuri likibaki wazi karibu na chakula cha bure, litapata mpangaji mwingine. Akaniuliza, "Mama, mbwa wako analala wapi?" Nikamwambia analala mchana. Akacheka.

Hatukuacha kujaribu njia za mkato. Taa zinazowaka zenyewe mtu akipita zilimshtua kwa muda, kisha akawa anakula chini ya mwanga wake, na bili ya umeme ikapanda. Tulipulizia maji ya pilipili na kitunguu saumu; mvua moja ikayaosha. Redio ndiyo iliyonichekesha. Iliachwa ikiongea usiku kucha katikati ya viazi, asubuhi tukakuta mashimo yameizunguka pande zote. Kitu pekee kilichomzuia bila sisi kufanya lolote ni mbalamwezi. Usiku wa mwezi mpevu hakuja, au alikuja kwa kunyatia chini ya kayaba tu, na nimesoma kwamba ni tabia yao kukwepa mwangaza wa mwezi. Basi usijidanganye kwamba dawa yako imefanya kazi kabla hujatazama kalenda.

Kilichofanya kazi ni kugawa kiwanja. Tuliacha kufikiria nusu ekari yote kama ngome. Tukachora sehemu ya ndani: nyumba, jiko la nje, kamba za nguo, lango la magari na njia ya askari. Hiyo ni ya mbwa, usiku kucha, na wavu unaizunguka. Ya nje, yenye migomba, miparachichi na viazi, ikawa haina mbwa giza likiingia. Mwizi lazima apite ya ndani kabla ya kufika dirishani, kwa hiyo ulinzi haukupungua. Nasema hivi kwa wanaohofia kumfungia mbwa: mbwa anayezunguka nusu ekari nzima anaweza kuwa kona ya mbali kabisa wakati mtu anaingia mbele. Na kama huna pesa ya wavu kwa sasa, weka komeo kwenye banda, mbwa walale ndani, wabweke humo humo. Kubweka ndiyo kazi unayoihitaji kwao. Kupigana na nungunungu hakumo kwenye mkataba.

Wavu una masharti yake. Fundi wetu alitaka kutumia wavu wa kuku kwa sababu ni rahisi kubeba na bei yake ni ndogo. Huo nungunungu anaukunja na kuutafuna. Chukua wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya inchi mbili hivi. Urefu wa juu hauna haja kuwa mkubwa, futi tatu zinamtosha nungunungu kwani wa huku kwetu si wapandaji. Sisi tulipandisha hadi tano kwa ajili ya Simba. Pesa zako ziende chini. Tulichimba mtaro wa futi moja na nusu, tukashusha wavu, na futi moja ya mwisho tukaikunja kuelekea nje, ikalala chini ya udongo. Nungunungu anapochimba huanzia mguuni pa wavu. Akikuta chuma kimelala chini ya makucha yake hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili akachimbe kutoka huko. Wavu uliosimama wima tu, hata ukizamishwa, ataupita kwa chini siku moja.

Chini ya lango palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Tulimwaga kizingiti cha saruji. Kwenye mtaro wa maji tuliweka nondo zilizosimama wima, zimeachana kiasi cha upana wa kiganja. Hapo tulipata somo jingine mvua za Aprili 2024 zilipokuja, zile zilizofurika Nairobi nzima. Majani yalijaa kwenye nondo, maji yakakosa njia, yakarudi hadi jikoni. Sasa nondo zile zimekaa kwenye fremu yenye bawaba na kufuli. Mvua kubwa ikitangazwa tunazifungua na mbwa wanalala bandani hadi iishe.

Udongo wa sehemu yetu ni ule mweusi wa mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Kila Januari nyufa hufunguka kando ya wavu, nyingine mkono unazama, na palipopasuka ndipo anapoanza kuchimba. Tunajaza kokoto na kushindilia. Ni kazi ya asubuhi moja, lakini ukiisahau mwaka mmoja, utajua.

Shamba tulilitenga kidogo tu. Matuta ya viazi na nduma yako ndani ya wavu mfupi wa namna ile ile. Mashina ya miparachichi tumeyavika mabati chakavu hadi usawa wa goti, yakiwa yamelegea ili mti usibanwe unaponenepa. Mipira ya maji tumeifukia. Maparachichi na mapera yaliyoanguka yanaokotwa jioni. Maboga yaliyotambaa nje tumemwachia. Nimesikia wanaoniona mjinga kwa hilo, na huenda ni kweli, lakini nungunungu anayepata boga kando ya mtaro hana sababu ya kuja jikoni.

Simba hakujifunza kitu. Ninaona watu wakisema mbwa akichomwa mara moja atakoma. Wengine hukoma, wengi hurudi wakiwa na kisasi. Wa kwetu bado akisikia ile kayamba huenda kujibamiza kwenye wavu, na mara moja alipata mwiba puani kupitia tundu. Tumeongeza mabati upande ule ili wasionane.

Gharama yote ya wavu, saruji, nondo na ufundi ilifika shilingi 74,000, zaidi ya mara mbili ya tulizolipa kliniki. Ukipiga hesabu ya pesa tupu, wavu haujajilipa, na sitakudanganya kwamba umejilipa. Ila kabla fundi hajachimba hata shimo moja tulikaa na mwenye nyumba na kuandikiana: nusu ya gharama inakatwa kwenye kodi kidogo kidogo, na wavu unabaki tukihama. Aliuliza kwa nini alipe yeye ilhali mbwa si wake. Mume wangu akampeleka kuona ule mparachichi uliovuliwa gome, ambao aliupanda marehemu baba yake. Akatia sahihi palepale.